Jino Kwenye Pindo la Kikwembe

Siku ya tatu baada ya kung'olewa jino, chai ilinitoka puani. Sikuwa nimecheka wala kukohoa; vya kuchekesha vilikuwa vimepungua Uvira wakati ule wa vita yetu ya pili. Nilikuwa nimekaa uani kwangu, Kimanga, nikanywa funda moja, na nusu yake ikashuka kupitia tundu la kushoto la pua, ikiwa bado ya moto, na sukari yake. Nikaweka kikombe chini, nikafuta uso, nikanywa tena. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, na jambo lililotokea mara moja bado silihesabu kuwa limetokea. Ikashuka tena.

Jirani yangu alikuwa akifua nguo upande wa pili wa ua. Alinitazama.

"Mama, unalia?"

"Hapana. Nakunywa chai."

Akarudi kwenye nguo zake. Wakati ule watu walikuwa wamejifunza kutouliza zaidi.

Lazima nieleze pua yangu ilikuwa na kazi gani, maana wengine wanayo tu ya kubebea mafua. Mimi yangu ilikuwa ikinilisha. Nilinunua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kuwapeleka kwenye bonde la Ruzizi, Luberizi na vijiji vya karibu, ambako wakulima wa Kirundi walikuwa na mchele na hawana ziwa. Ndagala wanaanikwa juu ya mchanga, wanakauka, wanaingia kwenye gunia, na hapo ndipo ujanja unapoanza. Juu wanakuwa wakavu, chini wabichi. Katikati mchanga. Pembeni wale wa wiki iliyopita, wamechanganywa na wa jana ili wafanane nao. Macho hayakusaidii. Desturi yetu sisi wanunuzi ni hii: unaingiza mkono ndani ya gunia mpaka begani, unatoa kiganja kimoja kutoka chini kabisa, unakipumulia pumzi ya moto ya kinywa chako ili harufu iamke, kisha unavuta kwa pua. Mara moja tu. Anayevuta mara mbili anaonekana mgeni, na mgeni anauziwa mchanga. Hicho ndicho kitu pekee maishani mwangu nilichokifanya mara moja nikakiamini.

Pale ufukweni wote walinijua. Nikivuta na kutikisa kichwa, gunia lile lilikuwa limekufa; wengine hawakuligusa. Mwenzangu wa kazi alikuwa mulamu wangu, mke wa marehemu kaka yangu. Vita ya kwanza ilimchukua kaka, ikatuachia sisi wawili na watoto wake wanne. Yeye alianika, mimi nilinusa na kupatana bei, na mchele uliorudi tuligawana beseni kwa beseni, moja lake, moja langu. Kinywa chake kilikuwa kikali. Siku moja aliniambia, "Weye, ukikufa, tutazika mwili. Pua tutabakisha, iendelee na kazi."

Basi jino. Lilikuwa gego la juu, kushoto, chini ya jicho. Lilianza kwa kunong'ona, likaishia kupiga ngoma. Pale Kimanga alikuwako mwuguzi mmoja aliyekuwa amekimbia kutoka bondeni na koleo lake, akafungua chumba nyuma ya duka la chumvi. Aliniketisha kwenye kiti uani, penye mwanga, akaingiza kioo kidogo, akatafuta.

"Mama, iko mawili," akasema. "Hii njo inauma. Na ya pembeni inaoza. Tena mizizi yako imeshika sana. Nitakupiga sindano mbili, nikate ufizi kidogo, nitoshe inje polepole."

"Mawili? Minye nilikuja na uchungu moja."

"Mama, hapa haiko soko."

"Kila fasi iko soko, docta."

"Miye si docta."

"Basi njo unipunguzie."

Akacheka, na mtu akicheka kwenye mapatano amekwisha kushindwa. Tulipatana jino moja, sindano moja, na ufizi usiguswe na kisu. Niliona nimefanya kazi nzuri. Nilikumbuka hata kumwambia mulamu baadaye jinsi nilivyomshusha kutoka mawili mpaka moja, naye akapiga makofi.

Sindano moja ilitia ganzi nusu tu ya pale ilipopaswa. Alipoanza kuvuta, milio ya bunduki na mabomu ikaanza pia, huko juu milimani, upande wa mto Mulongwe. Mwanzoni ya mbali, kisha si mbali. Alivuta, akazungusha, akavuta. Nilisikia ndani ya kichwa changu sauti ya ukuni mkavu ukivunjwa kwa goti. Kisha koleo likatoka na jino, na yeye akatazama kinywa changu, akatazama mlima, akatazama kinywa tena. Akaingiza kitu kingine chembamba, akasukuma kidogo, nikaona nyota mchana. Bomu moja likaanguka karibu, mabati yakalia.

"Imekwisha," akasema.

"Yote?"

"Imekwisha, mama. Kimbia."

"Nipatie jino yangu."

Kwetu mtu mzima haachi jino lake kwa watu, ili anayemtakia mabaya asipate pa kuanzia. Mambo ya bulozi, ya uchawi, siyaamini sana, lakini pia siachi nyuma kitu nilicholipia. Alilifunga kwenye pamba, nikalitia kwenye pindo la kikwembe, kile kitenge nilichojifunga, nikapiga fundo, nikakimbia na damu kinywani kama watu wengine wote waliokuwa wakikimbia. Njiani tuliungana na mulamu, nikahesabu watoto wake mara mbili: wanne, wanne. Nyumbani nilihesabu mifuko mara mbili. Jino sikulihesabu. Lilikuwa moja, nilikuwa nimelipatana mwenyewe, ningelihesabu nini.

Harufu ilikuja kama wiki mbili baada ya chai. Nilikuwa Kalundu, pale ufukweni, asubuhi, wavuvi wachache wamerudi. Walikuwa wachache kweli, maana wenye bunduki walikuwa wamekataza taa ziwani usiku, na ndagala bila taa hakusanyiki. Niliingiza mkono kwenye gunia la mwanamke mmoja tuliyefanya naye biashara miaka mingi, nikatoa kiganja, nikapumulia, nikavuta. Bovu. Bovu la kukwama kooni, kama kitu kilichokufa chini ya kitanda. Nikatikisa kichwa. Mwanamke yule akaniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake.

Wiki ile nilikataa magunia manne. Ninayakumbuka kwa sababu niliyahesabu kama ushindi: manne, ya watu waliotaka kuniuzia uozo, na mimi nimewakamata. Nilijieleza hivi: samaki wamekuwa wachache, watu wana njaa, udanganyifu umeongezeka. Ilikuwa na akili. Vita inaeleza kila kitu, ndiyo ubaya wake. Ukiwa nayo hutafuti sababu nyingine.

Kuinama kulianza kuwa kazi. Nikiinamia gunia, shavu la kushoto lilijaa na kuwa zito kama kibuyu kinachotiwa maji, na uchungu ukasogea mpaka kwenye meno yote ya upande ule. Nikiinuka, kitu cha chumvi kilishuka nyuma ya koo. Nilimeza. Ungefanya nini mbele ya watu?

Kisha ikafika siku ya gunia la mulamu.

Alikuwa ameanika mwenyewe, siku mbili za jua zima, amelinda kwa fimbo dhidi ya kuku na askari. Gari lilikuwa linaondoka kwenda Luberizi saa nne. Wanawake wengine walikuwa wamesimama wakingoja niseme neno, maana siku zile walikuwa hawaniamini tena na walitaka kuona nitamfanya nini ndugu yangu. Nikaingiza mkono. Nikatoa kiganja. Nikapumulia, nikavuta.

"Hii haiendi," nikasema.

"Njo kusema nini?"

"Iko bovu chini."

Alidhani natania. Akacheka, kisha akaona uso wangu.

"Miye? Miye nikuuzie bovu?" Akachota kiganja kutoka palepale, akampa mwanamke wa kwanza. Yule akapumulia, akavuta. "Muzuri," akasema. Wa pili, "Muzuri." Wa tatu alikula mmoja hivyohivyo, bila kumpika, akitafuna mbele yangu. Mulamu akanisogezea kiganja chake kwenye pua.

"Vuta tena."

"Minye navuta mara moja."

"Leo vuta mara mbili. Kwa ajili yangu. Batu banatuangalia."

Sikuvuta. Hadi leo najiuliza ingekuwaje kama ningevuta bila kupumulia kwanza, kama mtu anayenusa ua tu. Lakini desturi ni desturi, na kiburi changu kilikuwa kimesimama mbele ya watu. Nikasema neno ambalo silirudii hapa, kuhusu mjane na njaa na kusahau aibu. Alimwaga kile kiganja chini, kwenye mchanga, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akaita mtu amsaidie kupakia, akapanda gari peke yake.

Kabla gunia halijafungwa, nilikuwa nimechota kiganja kimoja na kukitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Nilikuwa na mpango. Wazee wa ukoo wakituita kusuluhisha, nitafungua kopo katikati yao, wavute wenyewe. Nikakandamiza mfuniko, nikaliweka juu ya kabati. Wazee hawakutuita. Mmoja alikuwa amekimbilia milimani, mwingine Bujumbura, wa tatu hatukujua.

Sasa nilikuwa na harufu, shavu, na nyumba isiyotembelewa. Nikaanza kutafuta jibu. Nilirudi kwanza kwa mwuguzi wa koleo. Mlango ulikuwa na kufuli. Niliuliza jirani wa kulia, akanyoosha kidole kuelekea ziwani. Niliuliza wa kushoto, kidole kilekile. Basi amevuka ziwa.

Kwenye zahanati nyingine, mwuguzi mwingine alinitazama puani, akaona pua.

"Gripe, mafua ya vumbi," akasema.

"Chai inatokea mu pua."

"Kunywa polepole, mama."

Alinipa kinini, vidonge vya rangi mbili. Siku ya tano harufu ikapungua, siku ya saba nikanusa sabuni yangu nikafurahi kama bibi harusi, siku ya kumi na mbili uozo ukarudi kwenye kiti chake. Nilirudi kwake, akanipa tena. Mara tatu nilipona na mara tatu nikaugua, na mara ya tatu kinini zilikuwa zimekwisha zahanati nzima, akanipa nusu ya dozi kwenye karatasi ya daftari la shule. Jino sikulitaja. Lilikuwa limetoka, na sikuwa na sababu ya kumshuku aliyekwisha kuondoka. Kwenye pengo ulimi wangu ulikuwa unakuta tundu dogo, pana kama punje ya mchele, nikadhani ndivyo pengo linavyokuwa.

Watu wa kanisani waliniombea. Shangazi mmoja wa mbali alitaka nikatwe kilimi, kile kinachoning'inia kooni, alijua mkataji. Nilimwuliza mkataji amekata wangapi. Wengi, akasema. Wangapi walirudi kushukuru? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha kwenye kidole cha pili.

Kule Kiringye, bondeni, alikuwako mzee anayetoa wadudu wa meno. Nilikwenda na gari la wafanyabiashara, tukasimamishwa kwenye vizuizi vitano, kurudi vilikuwa sita. Alinifukiza moshi wa mbegu kinywani kwa kibuyu, nikalia machozi, akanipangusa ufizi kwa jani bichi, akalifungua mbele yangu.

"Tazama, mama. Wadudu yako."

Walikuwa watatu, weupe. Nikahesabu tena. Watatu, na yule wa katikati alikuwa na unga mgongoni.

"Baba, mududu hii inaishi mu mchele."

"Inaishi mu jino."

"Mu kinywa yangu iko mate. Huyu ako kavu."

Alilikunja jani lile, bila hasira.

"Weye uko muntu wa soko."

"Ndiyo, baba."

"Basi tuseme ni wawili. Huyu wa katikati tumuache."

Nilicheka, shavu likanipiga, nikaacha kucheka. Ndicho kicheko changu pekee cha miezi ile na kilinigharimu siku mbili za maumivu. Wakati wa kurudi gari lilisimama Luberizi. Mama mmoja mkulima, mteja wetu wa zamani, alikuja dirishani kunisalimia. "Mwenzako yuko wapi?" akauliza. "Wale ndagala wake wa mara ile tumewala, tukaulizia wengine." Nikadhani mulamu amemtuma kunichoma. Nilifunga uso kwa kitambaa kama mtu anayeogopa vumbi.

Mapigano yalirudi mjini baada ya hapo. Asubuhi moja nilikuwa nimejifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mikaratusi, nikivuta mvuke. Kwa dakika chache shavu lilifunguka na harufu ikalala. Nikasikia hodi mlangoni. Ilikuwa sauti ya mulamu.

Sikutoka. Nilijiambia mvuke utapotea, majani yalikuwa ya mwisho. Nilijiambia kama amekuja kuomba msamaha atangoja, na kama amekuja kugombana sina nguvu. Akapiga hodi ya pili. Nilihesabu. Nikangoja ya tatu chini ya blanketi, jasho likinitiririka, na ya tatu haikuja.

Jioni jirani akaniambia.

"Mulamu wako amepanda mutumbwi ya moteri na batoto yote. Bamevuka. Alipita kwako kuaga, hakukukuta."

"Alinikuta," nikasema.

Jirani akaingia kwake.

Mpaka wa Kavimvira ulifunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa tena. Siku ulipobaki wazi wiki nzima, nilivuka kwenda Bujumbura. Nilikuwa nimekonda, siku hizo sikununua tena samaki, hakuna aliyeniita kunusa. Niliuza mkaa, kitu kisichooza. Pale Bujumbura mtu alinielekeza kwa daktari wa meno mzee, miwani yake imeshikwa na uzi. Nilikwenda kwake kwa sababu watu wa kutibu pua nilikuwa nimewamaliza. Nilimweleza yote, na nilianza na harufu kama kawaida, lakini yeye alinikatiza.

"Kuna jino liling'olewa upande huo?"

Nikamwonyesha pengo.

"Lilitoka zima?"

"Lilitoka."

"Lilikuwa na mizizi mingapi?"

Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza hesabu. Mimi, kati ya watu wote. Nilifungua fundo kwenye pindo la kikwembe, pamba ikiwa imekuwa kahawia, nikamtolea. Hakushangaa kuwa ninalo; nadhani si mimi wa kwanza. Aliligeuza chini ya taa, akagusa kwa ncha ya chuma.

"Mmoja. Miwili." Akaligeuza tena. "Gego la juu lina mitatu, mama."

Nililichukua mkononi mwake. Mmoja, miwili, na mahali pa tatu palikuwa pamekatika, bapa, kama ngazi iliyovunjika. Nikahesabu tena.

Aliniambia niache kinywa wazi, nizibe pua kwa vidole, nipumue kama ninayepenga. Upepo ukapiga mluzi kupitia lile tundu la punje ya mchele, na povu likatoka. Akanipeleka kupigwa picha. Kwenye picha kulikuwa na mfupa, halafu giza ndani ya shavu, na katika giza lile kipande cheupe kidogo kimelala kwa ubavu.

"Mzizi ulivunjika, akausukuma juu badala ya kuutoa," akasema. "Ndani ya shavu kuna nafasi, kama chumba, inayopakana na pua. Mzizi umekaa humo, na chumba kimejaa usaha. Dawa zinaosha sakafu tu. Kilichooza kinabaki. Mwuguzi hakukuambia inabidi afungue ufizi?"

"Aliniambia."

"Na?"

"Nilimshusha."

Alivua miwani, akaifuta, akavaa. Kisha, nadhani ili kunipumzisha, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza ndagala. Nikamweleza magunia yaliyooza, udanganyifu wa vita, jinsi nilivyowakamata wote. Alitaka kujua tunajuaje. Nikaweka kiganja mbele ya kinywa kama chenye samaki, nikakipumulia pumzi ya moto, nikamsogezea.

Hakuvuta. Alirudisha kichwa nyuma, haraka, bila kukusudia, kama mtu anayekwepa moto. Akajuta palepale, niliona. Akasema kwa upole, "Wewe nusa, mama. Unanusa nini?"

Nikavuta. Ilikuwa ileile, ya chini ya kitanda.

"Samaki bovu," nikasema.

"Samaki yuko wapi?"

Nilitazama kiganja. Kilikuwa kitupu.

Alinipasua baada ya siku mbili. Sindano mbili, na ufizi ukakatwa, yale yote niliyokuwa nimeyapatana yasiwepo. Mzizi ulitoka mweusi, si mkubwa kuliko punje iliyovunjika kinuni. Aliuosha, akauweka juu ya jino, ukakaa mahali pake sawasawa. Akashona tundu. Akanikataza kupenga pua na kunywa kwa mrija. Kuhusu pua hakuniahidi kitu. Upande wa kushoto ulikuwa umeumwa muda mrefu mno, alisema. Huenda itarudi, huenda nusu.

Ilirudi nusu. Chai ilikaa mahali pa chai. Nilianza kunusa sabuni, kisha moshi, kisha mvua inayotoka upande wa Fizi kabla haijafika. Nilizipokea moja moja, na kopo lilikuwa juu ya kabati muda wote huo. Nililipita. Nilifagia chini yake. Niliwahi kulishusha, nikalifuta vumbi, nikalirudisha.

Siku nilipolifungua nilikaa uani, asubuhi, palepale pa ile chai. Mfuniko ulikuwa umekaza, nikautoa kwa kijiko. Nikamwagia ndagala wale kiganjani. Sikupumulia. Niliwavuta tu, kwa tundu la kulia, lile zima.

Walikuwa wakavu. Walinuka jua na mchanga na chumvi kidogo, na chuma cha kopo. Zaidi ya mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeharibika. Aliwaanika vizuri kuliko mtu yeyote ufukweni pale. Nikawavuta mara ya pili. Nikawahesabu: ishirini na sita. Nikawahesabu tena.

Nilikwenda Kalundu kumtafuta mwenye mtumbwi wa moteri anayevusha watu na mizigo. Nilimkuta akiziba tundu kwa pamba na lami.

"Huko ng'ambo, unafika mu makambi ya bakimbizi ba huku?"

"Nafika pwani. Makambi iko mbali, tena iko nyingi. Anaitwa nani?"

Nikamwambia jina, la ukoo, la watoto wote wanne. Akasema ataliita sokoni, akikuta watu wa Uvira. Pengine watalipeleka mbele.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie samaki walikuwa wazuri."

"Samaki gani?"

"Anajua."

"Njo hiyo tu?"

Nilifikiri. Maneno mengine niliyokuwa nimeyapanga njiani yote yalikuwa na sababu ndani yake: jino, mzizi, milio ya siku ile. Yalionekana kama mapatano. "Mwambie pia nilisikia hodi," nikasema. "Zote mbili."

Kwa kazi hiyo alitaka beseni moja la ndagala, lijae mpaka litokeze juu. Ilikuwa nyingi mno kwa maneno machache. Yeye mwenyewe aliitaja bei hiyo huku akitazama pembeni, akingoja nimshushe. Nilimnunulia kwa wale wanawake wa ufukweni. Mmoja wao alinisogezea kiganja ninuse, nikasema sina haja. Nikamjazia, nikampa.

Alivuka na kurudi mara nyingi tangu hapo. Kila akirudi nilikwenda kumwuliza, na kila mara alikuwa ameita, na hakuna aliyeitika. Baadaye hata yeye alihama. Jino ninalo bado, na mzizi wake wa tatu, kwenye pindo la kikwembe kingine, maana kile cha kwanza kimechakaa. Kopo lina ndagala ishirini na watano. Mmoja nilimla siku ile uani, polepole, upande wa kulia.